Nilivyomjazia upepo binti wa mwenye nyumba

Jamani mi nimekulia Tabora kwenye kibanda cha mjomba, fundi baiskeli, kwa hiyo baiskeli hamnifundishi. Ndo nilivyokuwa nawaza, na ndo kilichoniponza.

Huku Ubelgiji nimepanga kwa mzee mmoja ambaye binti yake anashindana saiklokrosi, yaani wanasubiri baridi ya Desemba ndo wanaenda kufukuzana kwenye tope na mchanga, pakishindikana kuendesha mtu anatupia baiskeli begani anapanda nayo mlima mbio. Mara ya kwanza kuona nilidhani zote zimekufa. Sebuleni wameweka picha ya Sanne Cant, dada wa hukuhuku, bingwa wa dunia mara 3 mfululizo, 2017 mpaka 2019, na binti anataka kufika huko japo kwa sasa hela yenyewe inaishia kwenye cheni na mafuta ya gari. Mzee ukimgusa tu anaanza, wanaume wana ubingwa wao wa dunia toka 1950, wanawake wamekuja kupewa 2000!

Siku ya mbio mzee ndo anashika baiskeli ya pili. Tope likiganda binti anaingia pembeni, anaacha chafu anabeba safi, wewe unakimbia kuosha ile chafu kwa bomba la presha maana sasa hivi tu anarudi. Jumapili hiyo mgongo ukambana mzee. Nikajitolea, tena kwa mbwembwe.

Kufika, nikaminya tairi kwa dole gumba. Laini kama embe dodo! Nikasema bahati yao nimekuja, mtoto wa watu angekimbia na pancha. Kwenye fremu kuna kikaratasi kimeandikwa 1,3, nikajua namba ya mshiriki au sijui nini huko. Nikasukuma pampu mpaka mshale ukasoma 4, tairi ukiligonga linalia ting, unapakia magunia mawili ya mkaa na mtu juu.

Binti akaja yuko wa tano, akabeba baiskeli yangu, akaondoka. Kona ya kwanza tairi la nyuma likaenda kwake, yeye akaenda kwake. Akainuka, akaingia kwenye mizizi, anarushwarushwa kama bisi, mlima ukamshinda, akarudi kwangu anafoka. Kiholanzi changu ni cha kununulia mkate lakini neno upepo nililisikia mara 3. Akaitaka ile nyingine.

Ile nyingine nilishaiosha. Na kuijaza.

Basi akasimama palepale kabonyeza vali, psssss, wenzake wanapita, wa saba, wa tisa, wa kumi na ngapi, mi nimeshika brashi sijui niiweke wapi. Kumbe kwenye tope tairi linatakiwa lilegee, lilale lishike chini, na kikaratasi kilikuwa kipimo cha upepo. Akamaliza wa 22.

Nyumbani mzee hakusema neno, alikagua ile baiskeli ya pili, akaminya tairi kwa dole gumba, akaniangalia, akaminya tena. Siku hizi nashika koti tu, na pampu inakaa chini ya kiti chake.

Nikampigia mjomba kumsimulia, kanyamaza weee, halafu akauliza, "Sasa mwanangu, huyo binti hajawahi kupata fundi?"