Wazee wa Nzuguni si Wastaafu Peke Yao

Kwenye kijiwe cha kahawa cha karibu na kwetu, Nzuguni jijini Dodoma, watu hawaitani kwa majina. Yuko Afisa Ugavi, yuko Bwana Kilimo, yuko Mhasibu, yuko Mwalimu Mkuu. Wote walishakabidhi ofisi, wengine zaidi ya miaka kumi iliyopita, lakini cheo kimewafuata hadi kwenye benchi chini ya mwarobaini. Mwalimu Mkuu ni baba yangu. Alistaafu Machi 2021, akahamia kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo kwa miaka kumi na minne, na hadi leo kila asubuhi huvaa shati la mikono mirefu, akafunga vifungo vyote, akaenda kijiweni kwa mwendo wa mtu anayewahi kusaini kitabu cha mahudhurio.

Hakuna aliyepanga Nzuguni iwe mahali pa wastaafu. Ilikuwa kijiji cha Wagogo, mashamba ya uwele na mtama, ng'ombe na mibuyu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka arobaini mji ulikua taratibu. Serikali ilipohamia kweli kuanzia 2016, na Dodoma ikatangazwa jiji Aprili 2018, viwanja vikapimwa kila upande na watumishi wakavinunua kwa mikopo: Kisasa, Ilazo, Iyumbu, Nzuguni, hadi Mtumba kwenyewe kwenye mji wa Serikali. Leo kwetu kuna stendi kuu ya mabasi na soko la Ndugai. Treni ya umeme inakuleta kutoka Dar es Salaam kwa saa chache tangu katikati ya 2024. Mtumishi aliyezaliwa Bukoba au Songea akifika miaka 60, watoto wake wako hapa, nyumba iko hapa, kliniki yake ya presha iko hapa. Kijijini anarudi kuzika tu. Ndivyo mtaa baada ya mtaa unavyojaa wastaafu, na ndivyo mambo ya mtaa yanavyoingia mikononi mwao.

Nimekaa sana pembeni ya wazee hawa, nikimpelekea baba dawa au nikimsubiri nimpeleke hospitali, na ninayasikia mazungumzo yao. Mtu wa nje angedhani wanagawanyika kwa vyama. Hapana. Chama wanakitaja kwa sauti ya chini na kwa adabu, kama walivyozoea kazini. Kinachowagawa hasa ni tarehe ya barua ya kustaafu.

Baba aliondoka kabla ya tarehe 1 Julai 2022. Bwana Kilimo aliondoka baada ya tarehe hiyo. Katikati yao kumesimama kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu. Zamani mtumishi wa serikali kuu alikuwa anapewa nusu ya mafao yake kwa mkupuo, nusu nyingine ikawa pensheni ya kila mwezi. Kanuni mpya zilitoka 2018, mwaka uleule mifuko ya pensheni ilipounganishwa, zikashusha mkupuo hadi asilimia 25. Kelele zilikuwa kubwa, na Desemba mwaka huo Rais Magufuli akazisimamisha. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Juni 2024 Waziri wa Fedha akatangaza bungeni kwamba waliokuwa wa asilimia 50 zamani sasa watapata 40.

Asilimia hizo hazielezi maumivu mpaka uzipigie hesabu, na pale kijiweni hesabu hiyo imepigwa mara nyingi, hata mimi naijua kwa kichwa. Chukua mtumishi wa mshahara wa shilingi 1,200,000 kwa mwezi, aliyechangia miezi 360. Kwa kanuni ya zamani, miezi yake inagawanywa kwa 540, inazidishwa kwa mshahara wa mwaka, nusu yake inazidishwa kwa 15.5: anaondoka na shilingi milioni 74.4, kisha 400,000 kila mwezi. Kwa kanuni ya Julai 2022, kigawanyo ni 580 na kizidisho ni 12.5, mkupuo asilimia 33: anaondoka na karibu milioni 36.9, na pensheni karibu 499,000 kwa mwezi. Watetezi wa kanuni mpya wanaionyesha hiyo nyongeza ya mwezi, na ni ya kweli, na kwa atakayeishi miaka mingi ina maana. Lakini mtu aliyekopa kwa kutarajia milioni sabini ili aezeke nyumba, akapewa thelathini na sita, hatulizwi kwa kuambiwa kwamba ataishi miaka mingi.

Baba na Bwana Kilimo walikuwa daraja moja la mshahara. Nyumba ya baba ina vigae na kisima. Ya Bwana Kilimo imeishia kwenye lenta upande wa nyuma, na vyumba viwili vina mabati yaliyoshikiliwa na mawe. Wanakunywa kahawa kwenye benchi moja. Siku mada ya mafao ikiibuka, baba hunyamaza na kutazama barabarani. Amewahi kuniambia, "Mwanangu, naona kama nimemwibia, na wala sijachukua chake." Sijui nchi inategemea nini kutoka kwa wazee walioachwa hivyo, kila mmoja na aibu au uchungu wake. Wamesoma, wanajua kanuni, wanajua barua inaandikwaje na inapelekwa wapi. Lakini miaka thelathini ya kusubiri maelekezo kutoka juu haiishi siku unayokabidhi funguo za ofisi. Hasira yao haijawahi kutoka kwenye benchi ile.

Nguvu yao basi inaishia mtaani. Hapo ndipo penye jambo linaloniumiza, na ndilo lililonifanya niandike.

Januari mwaka huu kulikuwa na mkutano wa mtaa, Jumamosi saa nne asubuhi. Wastaafu walifika wote, na madaftari. Walizungumza vizuri, kwa kupeana nafasi, hoja moja baada ya nyingine, na ukasimama uamuzi kwamba kila kaya ichangie shilingi 5,000 kwa mwezi kwa ajili ya walinzi wa usiku. Hila haikuwapo. Aliyekuwapo alinyoosha mkono, mikono ikahesabiwa. Baba ndiye aliyesoma muhtasari, na niliposikiliza nilijivunia, kwa sababu muhtasari ule ulikuwa umeandikwa kama unavyotakiwa.

Ila Januari Dodoma ni mwezi wa palizi. Mvua yetu ni chache, inaanza Desemba na kuishia Aprili, na asiyepalilia kwa wakati hana cha kula. Saa nne asubuhi ya Jumamosi ya Januari, Mgogo mwenye shamba yuko shambani. Babu mmoja, jirani yetu, ambaye nyumba yake ilikuwapo kabla ya ramani ya viwanja, alikuwa upande wa Kikombo kwenye shamba la kukodi, akipalilia uwele pamoja na mkewe na wajukuu wawili. Ana zaidi ya miaka sabini. Hajawahi kupokea mshahara hata mmoja. Mashamba yake ya zamani ndiyo viwanja vyetu. Fidia aliyolipwa ilikwisha kwa ada za watoto na ugonjwa wa mmoja wao.

Machi orodha ikabandikwa ukutani: kaya zisizolipa ulinzi. Jina la babu lilikuwa la tatu. Mama yangu alirudi sokoni akasema, "Wamemwanika mzee wa watu kama nguo." Baba hakujibu. Baadaye nilimwona amesimama getini muda mrefu.

Mimi sisemi ulinzi haukuhitajika. Vibaka wapo. Wala sisemi wastaafu ni watu wabaya. Barabara ya mtaa wetu ilichongwa kwa sababu Mhasibu alifuatilia faili kwa miezi saba bila kuchoka. Ninachosema ni kwamba wazee wenye pensheni wameshika nafasi yote inayoitwa "wazee". Kiongozi akija kuzungumza na wazee wa kata, wanaoitwa ni hao. Wanajua kukaa kiti cha mbele, wanajua itifaki, wanazungumza Kiswahili cha ofisini. Babu akija anakaa mwisho, na akisimama anaanza kwa kuomba radhi kwamba hakusoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Haikuuliza alikuwa na cheo gani. Mabaraza ya wazee nayo yalikusudiwa kwa wote hao. Kwetu yamekuwa kijiwe cha pili cha wastaafu.

Niliwahi kusoma habari za Sun City, mji ulioanzishwa Arizona huko Marekani, Januari 1960, na mjenzi aitwaye Del Webb kwa ajili ya watu waliomaliza kazi. Kuna viwanja vya gofu, mabwawa ya kuogelea, na sharti la umri: nyumba lazima iwe na mtu wa miaka 55 au zaidi, na watoto hawaruhusiwi kuishi pale. Wakazi wake walipotakiwa kupiga kura kuhusu fedha za kujenga shule za wilaya yao ya elimu, walizikataa mara nyingi, hata ikafika 1974 mji huo ukatolewa kwenye wilaya hiyo. Nilisikitika kusoma, lakini nilielewa. Mtu hupigia kura kile kinachoingia mlangoni kwake kila siku, na pale mlangoni mtoto haingii.

Kwetu mtoto anaingia. Nyumba ya mstaafu wa Nzuguni ina wajukuu watatu, mpwa anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, na binti aliyeachika amerudi na mtoto mgongoni. Ndiyo maana wastaafu wetu walipigania darasa la nyongeza kwenye shule ya msingi, wakachanga, wakalisimamia mpaka likaezekwa. Wakiguswa wanainuka. Asiyeingia mlangoni kwao ni babu. Ukuta wa matofali na geti la chuma vimekaa katikati, na mlango wa babu unatazama upande wa pili, kwenye zizi.

Ninalowaomba, na baba nimemwambia uso kwa uso kabla ya kuandika hapa, ni kwamba ujuzi wao wa kuandika barua na kufuatilia faili wautumie kumdai haki mzee asiye na hati ya malipo. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyefika miaka 70, awe alikuwa mtumishi au mvuvi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Kwa Bwana Kilimo hela hiyo ni ndogo. Kwa babu ingekuwa ulinzi wa mwezi, sabuni, mafuta ya taa, na chenji ya nauli ya kwenda hospitali. Huku Bara pensheni ya namna hiyo kwa wazee wote hatuna. Wapo wazee walio kwenye ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kupitia kaya maskini, na wapo wanaotunzwa na serikali kwenye makazi kama Sukamahela kule Manyoni kwa kukosa ndugu. Wengi kabisa wako katikati: wana ndugu, wana jembe, na hawana kingine.

Nani atalibeba hilo kama si hawa? Vijana wanahangaika na ajira. Wabunge wanatusikiliza wakati wa kampeni. Mstaafu ana muda, ana heshima, ana mtandao wa watu aliofanya nao kazi, na hana mkuu wa kumwogopa tena. Na ninaamini, kwa jinsi ninavyowajua, kwamba kudai kwa ajili ya mwingine kungewatoa hata kwenye aibu ya kikokotoo. Baba na Bwana Kilimo hawawezi kuzungumzia mafao yao bila kuumizana. Ya babu wanaweza kuyazungumza pamoja.

Na kabla ya pensheni, kuna dogo la kuanzia: mkutano usiitishwe saa nne asubuhi wakati wa palizi. Uitishwe Jumapili jioni, watu wametoka ibadani na shambani hawakwenda. Orodha ile ishushwe ukutani. Wenye kipato walipe zaidi, wasio nacho wasamehewe, na jina la aliyesamehewa lisiandikwe popote.

Niliyasema haya mezani, wakati wa chakula cha usiku, mama akiwa ameshika bakuli la mlenda hewani. Nilitetemeka kidogo, sikuzoea kumwambia baba namna hiyo. Hakunikemea. Alikula akamaliza, akanawa, akaenda kulala.

Kesho yake jioni hakwenda kijiweni. Alizunguka ukuta, akapita njia ya zizini, nikasikia akisalimia kwa Kigogo, "Mbukwa!" na babu akaitikia. Walikaa hadi magharibi. Aliporudi alikuwa na ubuyu ndani ya mfuko wa rambo na kandambili zake zimejaa samadi. Akachukua daftari la muhtasari, akafungua ukurasa mpya, akaandika juu kabisa majina matatu ya babu, yote kamili. Miaka minne tumekaa naye ukuta kwa ukuta, na lile la katikati mimi sikuwa nalijua. Chini yake akaandika namba 2, akaacha wazi, akaniuliza kama najua jina la yule bibi anayeuza mboga karibu na stendi.