Upatano wa Askari, Kwa Bei ya Mnada

Jumapili mhubiri mmoja aliinua sarafu ya mia mbili, akatuambia dinari ya Kaisari nayo ilikuwa "pesa tu, yenye picha ya mkubwa". Niliuma ulimi hadi baraka za mwisho. Picha tu?

Dinari ambayo wengi wanaamini ndiyo aliyoonyeshwa Yesu ni ya Tiberio, mfalme wa Roma wakati huo. Maneno yanayozunguka kichwa chake yanasema yeye ni mwana wa Augusto, na huyo Augusto alikuwa amefanywa mungu. Sasa rudia kulisoma lile swali la sanamu na anwani, ukikumbuka ni nani aliyeuliza.

Lakini anayenichefua mimi ni Didius Julianus, seneta tajiri wa Roma. Tarehe 28 Machi mwaka 193 walinzi wa ikulu walimuua mfalme wao Pertinax, kisha wakaunadi ufalme kama marobota ya mitumba. Baba mkwe wa marehemu alikuwa ndani ya kambi akipandisha bei, Julianus nje ya ukuta akipandisha zaidi, mpaka sestersi (sarafu za Kirumi) 25,000 kwa kila askari. Akauziwa Roma.

Tazama basi dinari yake, kadude kadogo kama kifungo cha koti. Mbele, ndevu zake. Nyuma, mwanamke amesimama wima, kila mkono umeshika bendera ya jeshi, na pembeni: CONCORD MILIT. Upatano wa askari! Wale wale aliowalipa, au tuseme aliowaahidi. Siku 66 tu, askari akamuua humo humo ikuluni.

Na si yeye peke yake. Mfalme Maximinus aliandika kwenye sarafu zake uaminifu wa askari. Mwaka 238 askari wake mwenyewe wakamchinja. Wafalme ndugu, Caracalla na mdogo wake Geta, walisifiwa upatano pia, na Geta aliishia kuuawa kwa amri ya kaka yake.

Haya, nakubali: sura si wote waliozidanganya. Shingo ya Nero inanenepa sarafu hadi sarafu, hakuna aliyeipunguza. Ila ni Nero huyo huyo aliyeanza kuipunguza fedha yenyewe mwaka 64, na miaka 200 baadaye sarafu zao zilikuwa shaba iliyopakwa weupe. Fedha isiyo na fedha.

Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Kaisari, alichora majambia mawili kwenye dinari yake, akaandika na siku ya mauaji. Nikataka kumsifu kwa ukweli, nikageuza upande wa pili: sura yake mwenyewe, kama alivyofanya Kaisari yule yule.

Haya yote nilimmwagia mhubiri pale mlangoni. Akasikiliza kwa upole wote.

"Na sadaka ulitoa, mwanangu?"

Nilitoa. Mia mbili, ya Karume.