Msimsingizie Marehemu

Kila inapozungumziwa ...And Justice for All, albamu ya bendi ya Metallica, hakosekani wa kusema kuwa gitaa la besi halisikiki kwa sababu ya Cliff Burton, mpiga besi wao aliyefariki. Eti Metallica waliacha pengo makusudi, kiti cha marehemu kisikaliwe na mtu. Ni maneno matamu, na hata hapa Mombasa, mji wa taarab na bango ambako wapenzi wa hevi metali tunajuana kwa sura, nimeyasikia yakisemwa kwa unyenyekevu kama dua. Mimi siyakubali. Albamu yenyewe naipenda mno, lakini lile pengo si heshima kwa aliyekufa. Ni dhuluma aliyofanyiwa aliyekuja baada yake.

Kisa chenyewe wengi mnakijua. Usiku wa kuamkia 27 Septemba 1986, basi la Metallica lilikuwa Sweden, likitoka Stockholm kuelekea Copenhagen. Burton na mpiga gitaa Kirk Hammett walivuta karata kuamua nani achague kitanda, Burton akapata ree ya shupaza, akachukua kitanda cha Hammett. Alfajiri basi likaacha njia, likapinduka, na Burton akafa papo hapo akiwa na miaka 24. Dereva alisema barabara ilikuwa na barafu. Mwimbaji na mpiga gitaa James Hetfield aliitembea barabara ile kuitafuta hiyo barafu, asiione. Sisi tunaopanda mabasi ya usiku ya Nairobi hatuhitaji kuelezwa zaidi hapo.

Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo, mpiga besi mpya, Jason Newsted, alikuwa jukwaani na Metallica kwa mara ya kwanza, akiwa ametoka bendi ya Flotsam and Jetsam. Hesabu mwenyewe: siku 42. Arobaini ya Cliff ndiyo kwanza imepita, na tayari kuna mtu amesimama palepale aliposimama, anapiga nyimbo zilezile. Siwalaumu kwa kuharakisha. Vijana wale hawakuwa na wa kuwaketisha chini, na kazi ndiyo iliyowashika wasianguke. Ila matanga yasiyokaliwa hayaishi, na haya yalimshukia Newsted. Bili za hoteli na vinywaji ziliandikwa chumba chake bila yeye kujua. Alifanyiwa mizaha ya kumdhalilisha, na jina la kijana mgeni halikumtoka. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa hadi Januari 2001, na katika miaka yote hiyo nyimbo zenye jina lake kama mtunzi hazijazi kiganja.

Ndipo ikaja Justice, albamu ya 1988. Newsted alirekodi sehemu zake karibu peke yake, akiwa na fundi wa sauti tu. Kwenye kuchanganya sauti, Steve Thompson, aliyekuwa mmoja wa waliokaa kwenye mitambo, ameeleza waziwazi zaidi ya mara moja kwamba mpiga ngoma Lars Ulrich alimwambia ashushe besi mpaka isikike kwa mbali sana, kisha akamwambia aishushe tena. Nani aliyesema jambo hilo ni kwa ajili ya Cliff? Wenyewe wametaja masikio yaliyochoshwa na ziara, wametaja gitaa la Hetfield kukaa kwenye nafasi ya besi. Hadithi ya kaburi la heshima tumeitunga sisi mashabiki.

Sikilizeni wimbo wa nane, To Live Is to Die. Unakaribia dakika kumi, karibu wote ni ala tupu, umejengwa kwa vipande alivyoviacha Burton, na kuna maneno machache yanasomwa katikati. Huo ndio wimbo wa matanga hasa. Gitaa za mwanzo zinaingia polepole, halafu uzito unashuka, halafu katikati kunatulia kiasi kwamba nikiwa kwenye matatu ya Bamburi hulazimika kukandamiza spika za masikioni kwa vidole nisimsikie kondakta. Na humo humo, katika wimbo wa kumkumbuka mpiga besi aliyeifanya ala hiyo iimbe kama gitaa, besi unaitafuta kwa tochi. Kama ni heshima, mbona wamekizima chombo chake mwenyewe?

Walioweza kumheshimu marehemu bila kumdhulumu mgeni ni bendi ya AC/DC. (Najua, najua: kuna watakaosema AC/DC si metali. Tutabishana siku nyingine.) Mwimbaji wao, Bon Scott, alifariki London tarehe 19 Februari 1980. Wazazi wake waliwahimiza wenzake waendelee. Kufikia Aprili walikuwa na mwimbaji mpya, Brian Johnson, na albamu ya Back in Black ikarekodiwa Nassau, Bahamas, ikatoka Julai 1980. Wao walikimbia kama Metallica, kwa hiyo haraka siyo tatizo. Tofauti ni mlango aliopitia mgeni. Scott mwenyewe, enzi za uhai wake, aliwahi kumsifu Johnson mbele ya wenzake. Johnson alipofika alikabidhiwa kalamu: andika mashairi, imba kwa sauti yako, usimwige mtu. Jalada likawa jeusi tupu kwa maombolezo, na wimbo wa kwanza unafunguliwa na mlio wa kengele ya takriban tani moja, iliyosubiwa Loughborough, Uingereza. Msiba wameuweka mlangoni ambapo kila anayeingia anauona. Kisha wakampisha mwenzao aimbe.

Kuna mpiga besi ninayemfahamu aliyeingia kwenye bendi ya hoteli huko Shanzu baada ya mwenzao kufariki. Kwenye amplifaya alikuta kipande cha selotepu alichokibandika marehemu, kuonyesha kitufe cha sauti kiishie wapi. Gitaa la huyu mpya lilikuwa dhaifu kuliko la mwenzake. Kwa alama ile, besi haikuvuka hata safu ya kwanza ya viti vya watalii. Akipandisha, mpiga kinanda anairudisha kwenye selotepu bila kusema neno. Akipandisha tena, inarudishwa. Mambo yakaenda hivyo usiku baada ya usiku, hakuna aliyethubutu kuyataja, mpaka kiongozi wa bendi, mtu mzima aliyeanza na marehemu tangu ujana, akainama kabla ya wimbo wa kwanza, akaikwangua selotepu kwa ukucha na kumwambia kijana, "Haya, jipimie." Mpiga kinanda alinuna wiki nzima. Lakini besi ilisikika.

Bendi ya Slipknot nayo ilipitia njia hiyo. Mpiga besi wao, Paul Gray, alifariki Mei 2010. Waliporudi kwenye ziara 2011, vazi na kinyago chake vilisimamishwa jukwaani, na Donnie Steele, aliyekuwa akipiga besi kwelikweli, aliwekwa nyuma asikoonekana. Angalau wao walikuwa wakweli: walitangaza kwamba pale mbele ni kilio, na hawakumfanya Steele ajione ni mwenye kosa. Albamu yao, .5: The Gray Chapter, ilisubiri hadi 2014, na mpiga besi mpya akatambuliwa na mashabiki kwa michoro ya mkononi mwake kwenye video. Mnaona? Mtu akipiga, atajulikana tu.

Nitawapa wanaonipinga haki yao. Ukavu ule wa Justice una kazi yake. Gitaa kama msumeno, ngoma kama nyundo ya gereji, hakuna kitu laini pa kuegemea. Mtu aliyefiwa anaujua ubaridi wa namna hiyo, na pengine ndiyo maana albamu hii inatugusa hata pale inapokosea. Wapo waliochukua besi ya Newsted na kuipandisha wenyewe, wakaiweka mtandaoni kwa jina la ...And Justice for Jason. Nimeisikiliza. Blackened, ambao Newsted ni mmoja wa watunzi wake, unapata kifua. Nyimbo nyingine zinapoteza kidogo ukali wake, siwezi kukataa.

Albamu ilipotolewa upya Novemba 2018, ikiwa imesafishwa, besi iliachwa vilevile, kwa hoja kwamba kazi ya sanaa ni kumbukumbu ya wakati wake na haifai kuguswa. Sawa, toleo la asili libaki. Lakini boksi la toleo hilo lilijaa kanda za mazoezi, majaribio na maonyesho ya jukwaani. Diski moja zaidi, yenye besi pale inapostahili na jina la Newsted juu yake, ingewagharimu nini? Baba yake Cliff, mzee Ray Burton, alisimama nao Cleveland mwaka 2009 walipoingizwa kwenye jumba la kumbukumbu la roki, akapokea kwa niaba ya mwanawe, na usiku huohuo Newsted na Robert Trujillo, mpiga besi aliyemrithi, wakapiga pamoja, besi mbili jukwaa moja. Mzee aliyefiwa na mtoto hakuona tabu. Waliobaki na tabu ni wale walioshika vitufe.