Jirani kaacha kwaya, je na wokovu kaacha?

Huku Mbagala kuna jirani yangu alikuwa anaimba besi kwaya, besi ile ya kutikisa madirisha, siku hizi jioni unamkuta grosari na bia yake na ukipita anakusalimia "Bwana asifiwe" chupa ikiwa mkononi. Juzi kwenye daladala toka Kariakoo, mama mmoja mlokole wa siku nyingi na kijana wa Kibaptisti, wote tunasali nao mitaa hiyohiyo, wakambishania mpaka Rangi Tatu: kapoteza wokovu, au hakuwahi kuokoka?

Kijana silaha yake Yohana 10:28, "wala hawatapotea kamwe". Hoja ya zamani hiyo, Sinodi ya Dort, mkutano mkuu wa makanisa ya Kikalvini kule Uholanzi 1618 hadi 1619, ilisema wateule wanaweza kuanguka vibaya kama Daudi na Petro ila Mungu hawaachi waangamie. Sasa mtu akiondoka jumla? Wanakupeleka 1 Yohana 2:19, walitoka kwetu lakini hawakuwa wa kwetu. Hapo ndo nakwama, maana yule jirani alifunga, alikesha, alilia mbele ya watu, kama yote ile ilikuwa feki basi mimi nitajuaje yangu ni orijino? Fundisho lililokuja kunipa uhakika linaniachia wasiwasi.

Mama akashusha Waebrania 6, watu walioonja kipawa cha mbinguni na kushirikishwa Roho Mtakatifu halafu wakaanguka. Ukisoma bila kupindisha ni kazi kusema hao hawakuwa waumini, na hata Walutheri Ungamo lao la Augsburg la 1530, yaani tamko la imani yao, kifungu cha 12, linawakataa wanaosema aliyehesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu. Ila mama hakumalizia! Andiko linaendelea kwamba hao haiwezekani kuwafanya upya hata wakatubu, wakati kila mkutano wa injili tunasikia "waliorudi nyuma njooni mbele" na watu wanajaa, wengine ni safari ya nne, sala ya toba ileile. Ukilishika kavukavu hao usingewaita kabisa.

Mi naegemea kwa mama, ila neno "kupoteza" silipendi, wokovu sio simu ya kuchomolewa dirishani kwenye foleni ya Mtongani. Yesu anasema hakuna wa kuwapokonya, sawa, huyo ni mwizi, je kondoo mwenyewe akiamua kutoka? (Kijana kanijibu "kamwe" ni kamwe, hata huyo kondoo yumo, na kusema kweli sijapata la kumrudishia.)

Basi nikamuuliza mwenyewe jirani. Akacheka, "Mzee, mi nimeacha kwaya, nani kakwambia nimeacha kuokoka?" Sijui nimweke upande gani, maana ukuta wetu mmoja, na Jumapili alfajiri namsikia anaimba besi peke yake, zile sehemu za sauti ya kwanza anakaa kimya anazisubiri zipite.