Ukuta wa matumbawe unataka chokaa

Nikiona kanisa kongwe la kisiwani limepakwa rangi inayong'aa kama sahani ya kaure, roho huniuma. Najua rangi ile itavimba, na ikibanduka itaondoka na ukuta.

Mfano ninaoujali zaidi ni Fortkerk, kanisa la Kiprotestanti lililomo ndani ya ngome ya Fort Amsterdam, mjini Willemstad, kisiwa cha Curaçao katika Bahari ya Karibi. Ni la mwaka 1769, na ukutani bado limenasa tufe la mzinga la Waingereza walioushambulia mji mwaka 1804. Limepakwa manjano, na mji mzima umejaa rangi. Husimuliwa kwamba mwaka 1817 Gavana Albert Kikkert alipiga marufuku kuta nyeupe kwa kuwa mng'aro wa jua ulimuumiza kichwa. Basi sina ugomvi na manjano. Nauliza tu kilichomo ndani ya kopo.

Majengo ya zamani ya Willemstad yana matumbawe, chokaa, na mara nyingi mchanga wa baharini. Chumvi imo ukutani tangu siku ya kwanza. Unyevu hupanda kutoka ardhini, huiyeyusha, kisha hutafuta pa kutokea. Ukuta wa chokaa huuachia njia: maji hutoka yakiwa mvuke, na chumvi hubaki juu, ukaifagia kwa brashi. Ukipaka rangi ya plastiki, unyevu hukwama. Chumvi huganda ndani ya jiwe, chembe zake hukua, na jiwe husagika taratibu huku nje pakionekana pazuri. Lipu ya saruji hufanya madhara hayohayo. Mafundi wazee wa Lamu na Unguja, waliozoea matumbawe na chokaa ya tanuri, wangelielewa jambo hili bila kuelezwa.

Naambiwa rangi ya chokaa huchujuka kwa mvua, na kusimamisha jukwaa la mafundi kila baada ya miaka michache ni gharama kubwa kwa waumini wachache. Ni kweli, na mzigo huo si mdogo. Lakini rangi ikichakaa hupakwa nyingine. Jiwe la karne ya 18 likisagika, hakuna duka linaloliuza.

Kwa hiyo wanaochangia kanisa la namna hii wasimalize fedha zote kwenye sherehe ya kulizindua upya. Nusu iende kwenye chokaa ya sasa, nusu iwekwe kwa ajili ya jukwaa la mafundi la mara ijayo.