Mama Anayerudi Kazini Hahitaji Friza Iliyojaa

Ilikuwa Jumatano, wiki ya pili tangu nirudi kazini. Nimeshuka kwenye mwendokasi Kimara giza linaingia, nafika nyumbani nasikia mwanangu analia kwa sauti iliyokauka. Dada anayetusaidia amesimama mlangoni, chupa mkononi.

"Mama, haya maziwa yananuka sabuni," akaniambia kabla hata sijavua viatu. "Na chupa nimeisuuza kwa maji ya moto, nakuapia."

Nikanusa. Kweli, yalinuka kama povu la kufulia. Nikaonja kidogo, ladha yake ilikuwa kama ya chuma. Mtoto alikuwa ameyakataa tangu saa nane mchana, akawa anageuza uso kila chupa ikimkaribia. Kwenye friza nilikuwa na vifuko 41 vya maziwa yangu hayohayo. Nilivikamua miezi mitatu mizima ya likizo, usiku wa manane, mgongo ukiniuma, kwa sababu kila picha niliyoiona mtandaoni ilikuwa ya mama aliyejaza friza mpaka mlango haufungi. Nilikaa chini jikoni nikalia pamoja na mwanangu.

Dada wa watu hakuwa na kosa. Maziwa ya mama yana kimeng'enya kiitwacho lipasi, kazi yake ni kuvunja mafuta ili mtoto ayasage kwa urahisi. Kwa baadhi yetu kimeng'enya hicho hufanya kazi kwa nguvu sana, na baridi ya friza haikisimamishi, inakipunguza mwendo tu. Mafuta yakivunjika kupita kiasi ndipo inapokuja ile harufu ya sabuni. Maziwa ya namna hiyo hayamdhuru mtoto, na wapo watoto wanaoyanywa bila shida. Wangu alikataa. Dawa yake ipo: ukishakamua unayapasha hadi vipovu vidogo vitokee pembeni mwa sufuria, yasichemke, unayapooza haraka kwenye beseni la maji ya barafu, ndipo unagandisha. Lakini ni lazima ufanye hivyo kabla ya kugandisha, na moto nao unaondoka na sehemu ya uzuri wa maziwa. Laiti mtu angeniambia nigandishe kifuko kimoja tu, nikiyeyushe baada ya wiki, nimpe mtoto nione. Mama yeyote anayejiandaa kurudi kazini, naomba aanze na hilo.

Mama mkwe wangu alikuwa ameshanionya. Alipokuja kutoka Tanga kunilea uzazi, aliona ninavyopanga vifuko akatikisa kichwa. "Mwanangu, maziwa yaliyolala mtoto hapewi." Nilimjibu kwa heshima, "Sawa mama," moyoni nikaona ni mambo ya zamani. Leo nasema alikosea nusu na alipatia nusu. Alikosea kudhani maziwa yaliyolala ni sumu. Yakigandishwa vizuri, protini, sukari na sehemu kubwa ya kinga hubaki, na hakuna maziwa ya kopo yanayoyafikia. Alipatia kwamba mabichi, yasiyogandishwa, yana kitu cha ziada. Yana chembe hai za kinga ambazo baridi kali inaziua, na vitamini C hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Tena mwili wa mama hutengeneza kinga dhidi ya vijidudu anavyokutana navyo wakati huo. Kama mafua yanazunguka nyumbani kwangu wiki hii, maziwa ya wiki hii ndiyo yanayoyajua. Ya miezi mitatu nyuma yalikamuliwa mafua hayo hayajafika.

Nilichokuja kugundua, na ndicho kilichonifanya niandike, ni kwamba sikuwahi kuihitaji friza kiasi kile. Maziwa mabichi hukaa kwenye friji, kwa nyuzi 4 hivi, hadi siku nne. Sasa hesabu. Ninachokamua Jumatatu ofisini mtoto anakunywa Jumanne. Cha Jumanne anakunywa Jumatano. Cha Ijumaa kinasubiri Jumatatu, siku tatu tu, na Jumamosi na Jumapili ananyonya mwenyewe. Hakuna kilichoganda hata kimoja. Hata yule mwenye tatizo la lipasi kama mimi anapona, kwa sababu maziwa yangu yakikaa siku moja au mbili kwenye friji hayajaanza kunuka.

Friza nimeiachia akiba ya siku mbili, kwa ajili ya foleni, homa, au safari ya kazi ya ghafla. Vifuko sita hivi, vidogo vya mililita 90, vyote vya maziwa yaliyopashwa, vimeandikwa tarehe, na cha zamani ndicho kinachotoka kwanza. Kikishayeyuka kwenye friji kinatumika ndani ya saa 24, hakirudi kugandishwa. Ile miezi sita inayotajwa kwenye miongozo ya kuhifadhi maziwa ya mama ni ya friza halisi, yenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji la mlango mmoja, ambalo ndilo tulilonalo wengi, mara nyingi hakifiki huko. Mimi humo siachi kitu zaidi ya wiki mbili.

Na kuna umeme. Usiku mmoja ulikatika nikiwa nimelala, asubuhi umerudi, kila kitu kimeganda vizuri, na mimi sijui kama kiliyeyuka katikati. Tangu siku hiyo ninaweka kikombe cha maji kwenye friza, yakishaganda naweka juu yake sarafu ya shilingi mia. Nikifungua nikaikuta sarafu juu, nina amani. Nikiikuta imezama ndani ya barafu, najua maji yaliyeyuka yakaganda tena, na maziwa namwaga. Nimeshamwaga mara moja. Inauma mno, lakini vilikuwa vifuko sita. Vingekuwa 41, sijui ningeshikwa na nani.

Joto letu nalo lisisahaulike. Zile saa nne ambazo miongozo hiyo inaruhusu maziwa kukaa mezani zimehesabiwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 25, na Dar ya Januari huzifahamu nyuzi hizo saa za alfajiri, kama ukibahatika. Kwa hiyo mimi nikishakamua ni friji hapohapo, na safari ya kurudi nyumbani ni kiboksi cha baridi chenye barafu pande zote.

Lakini mabichi ya kila siku yanataka mahali pa kukamulia, na hapo ndipo wengi wetu tunaposhindwa. Miezi miwili ya kwanza nilikamulia stoo, nimeegemea maboksi ya karatasi, mguu umezuia mlango usiokuwa na komeo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatupa likizo ya siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Siku 84 ni wiki 12. Mtoto anatakiwa kupata maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Hiyo miezi mitatu na zaidi iliyobaki ndiyo inayotutia hofu, na hofu ndiyo inayojaza mafriza. Wenzetu Kenya, Sheria yao ya Afya ya 2017 imetaja kabisa chumba cha kunyonyeshea kazini. Sisi tuliopewa saa mbili kwenye karatasi, wengi hatujui hata kama tunazo, na tunaojua tunaona haya kuziomba.

Mimi niliziomba. Nilichapa barua ya nusu ukurasa, nikataja sheria, nikaomba dakika arobaini mara mbili, na chumba chenye komeo. Jibu lilichukua siku tisa. Sasa ninakamulia kwenye chumba kidogo cha mikutano, saa nne na saa nane, na rafu ya chini ya friji la ofisi ina kopo lenye jina langu. Jana mwenzangu wa idara ya pili, mwenye tumbo la miezi saba, alikuja akafunga mlango nyuma yake, akaniomba nakala ya ile barua.