Mtoto Hajampa Mzazi Shikamoo

Null tena, yaani patupu palipotakiwa kitu. `Call to a member function prepare() on null`, faili Msingi.php, mstari wa 47. Na huo mstari wa 47 haujaguswa na mtu tangu mradi uzaliwe. PHP, lugha hii ya kuandikia tovuti, ndivyo ilivyo: mwizi kapita kwa jirani, anakamatwa aliyelala.

Basi mtu mzima unavuta kiti, unakohoa kidogo, unaanza upelelezi kwa heshima zote. Klasi (kiolezo cha kutengenezea vitu) `Malipo` inarithi `Msingi`: `Msingi` ni mzazi, `Malipo` ni mtoto. Mzazi ana `private $db`, chumba anachokiona yeye tu, na konstrakta yake (`__construct`, kodi inayoendeshwa kitu kinapoundwa) inapokea muunganisho wa hifadhidata na kuuweka humo. Mtoto naye kakua, kajitengenezea `__construct` yake, ndani kaandika `$this->db = $db`. Muunganisho upo, umepokelewa kwa mikono miwili. Null inatoka wapi?

Unaweka `print_r($this)`, ikuonyeshe yaliyomo ndani ya kitu, juu kidogo ya mstari unaolalamika, na hapo ndipo aibu ya ukoo inapoanikwa. `[db:Msingi:private] =>` tupu kabisa, na chini yake `[db] => PDO Object`, yaani muunganisho wenyewe. Db mbili! Kitu kimoja, jina moja, na hazijuani. Ya mzazi ni private, mtoto haioni, kwa hiyo hakurithi kitu. Kajenga kibanda uani na kukibandika jina la nyumba kubwa. Methodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) ya mzazi ikitafuta `db` inafungua chumba chake yenyewe, inakuta giza.

Na konstrakta ya mzazi muda wote huo ilikuwa wapi? Haikuitwa! Java, lugha nyingine, ingegoma palepale kwenye kukompaili, kabla hata ya kuendeshwa. PHP, mtoto akishakuwa na konstrakta yake, ya mzazi inakaa kimya hadi uandike `parent::__construct($db)`. Shikamoo moja tu, mstari mmoja, na watu wazima wanakesha. Weka hiyo shikamoo, futa kile kibanda cha mtoto, na kama mtoto anaihitaji db kweli, geuza private iwe `protected`, ambayo mtoto anaiona. Tena andika aina yake, `PDO $db`; toka PHP 7.4 kosa litakutajia klasi na jina la kilichosahauliwa, siyo kukurushia null na kuondoka.

Utasema PHP 8.2 inatoa onyo ukijenga kibanda namna hiyo. Inatoa, ndiyo. Ila php.ini, faili la mipangilio ya PHP kwenye seva, imeandikwa `E_ALL & ~E_DEPRECATED`, maana yake onyo limezibwa mdomo na aliyeogopa logi kujaa.

Mengine hayo tumeyazoea. Faili malipo.php, klasi `Malipo`: Windows haijali herufi kubwa na ndogo, inacheka nawe; Linux inazijali, inasema klasi haipo. Konstrakta iliyopewa jina la klasi: PHP 8.0 inaiona methodi ya kawaida na kupita zake. `self::` (klasi ambamo kodi imeandikwa) mahali pa `static::` (klasi iliyoitwa): unapata jedwali la mzazi ukiwa kwa mtoto. Ukiwa hujui methodi ni ya nani katika ukoo wenye vizazi vitano, `(new ReflectionMethod($this, 'hifadhi'))->getDeclaringClass()->name` inakutajia baba halisi. Na nani aliamua vizazi vitano, hebu atokeze?

Halafu umerekebisha yote, umepakia faili, unafungua ukurasa: null ileile! Unafuta mstari, null. Unaandika matusi katikati ya kodi, null, hata kosa la sintaksia halitoki! Opcache, bwana, ghala ambamo PHP huhifadhi kodi iliyokwisha kukompailiwa. `opcache.validate_timestamps=0`, yaani haikagui kama faili limebadilika, seva inahudumia kodi ya jana hadi uwashe upya php-fpm, huduma inayoendesha PHP, na ruhusa ya kuwasha anayo mtu ambaye simu yake haipatikani.

Ukimsubiri unapitia folda, unakutana na Malipo_mpya.php, Malipo_mpya2.php na Malipo_sahihi_kabisa.php. Zote tatu zina `class Malipo`. Na inayotumika ni Malipo_mpya.php, juu yake pameandikwa: usifute, sijui inafanya nini.